Tochi ya mwembeni

Jamani, naomba kuuliza. Hivi tochi ya trafiki ipo kulinda maisha au kukusanya faini?

Juzi nilikuwa kwenye basi natoka Morogoro kuja Dar. Mahali fulani nyumba zimeshaisha, kibao cha kumaliza 50 kiko hatua chache mbele, na hapo ndipo afande kajibanza na tochi yake nyuma ya mwembe. Dereva wetu alishawashiwa taa na wenzake, akapita mdogo mdogo kama gari la maharusi. Baada ya kona akakanyaga mafuta. Mbele kidogo kuna shule, watoto wanasubiri kwenye zebra. Pale hakuna tochi, na basi halikupunguza hata kidogo.

Simtetei dereva. 50 kwenye makazi imewekwa kwa sababu anayegongwa na gari la mwendo mdogo ana nafasi ya kupona. Lakini dereva wetu amefundishwa kuogopa mwembe, si zebra.

Afande, faini yako halali, chukua. Ila toka mwembeni, kasimame wazi pale shuleni. Siku hiyo huenda usipate hata faini moja. Ujue kazi umeifanya.