Modemu moja haitoshi kwa seva ya ushirika

Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom iliharibika, intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Chama cha ushirika kinachotegemea seva kulipa wakulima hukwama siku kama hiyo.

Tunavishauri vyama kuweka modemu mbili za kampuni tofauti, kwa ruta inayohamia ya pili yenyewe, ya kwanza inapokatika. Kabla ya kununua, ulizeni kila kampuni inatumia mkongo upi. Zikitegemea mmoja, mtalipa mara mbili bure.

Kumbukumbu za mizani zihifadhiwe kwenye seva ya ofisini ili upimaji wa mazao usisimame. Na nywila iliyotoka nayo kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza. Jasho la mkulima halilindwi kwa neno linalojulikana na kila mtu.