Acheni kumsingizia mzimu wa Ziwa Nyasa!

Ukikaa kijiweni Mwanjelwa siku zinapokuja habari za mtumbwi kuzama Kyela, hutakosa kumsikia mtu akisema: "Ziwa lile lina mwenyewe, mwaka huu hajapewa chake." Mwingine ataapa kuwa Wakisi wanachezea maji. Tunacheka, tunaongeza kahawa, mjadala kwisha. Waliokufa wameuawa na mzimu, hakuna wa kuulizwa.

Mimi nasema huo ni uongo, na wanaofaidi uongo huo wamekaa maofisini.

Wengi wenu vijana wa mjini hamjafika Ikombe. Kwenye ramani si kisiwa, ni kijiji cha Wakisi jirani na Matema. Lakini nyuma yake Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, na mbele yake ni ziwa ambalo kina chake hufika kama mita 700. Kwa vizazi na vizazi kwenda huko kulikuwa ni mtumbwi au miguu juu ya mawe. Ukishuka mwambao wa Ludewa hadi Lupingu na Manda, hadithi ni ile ile. Huko mpaka mwaka 2012 kulikuwa Mkoa wa Iringa. Sijui ni wangapi pale Iringa mjini walijua kuwa mkoa wao una wavuvi.

Wanaume huvua mbasa na usipa, wanawake hufinyanga. Chungu cha maharage ulichomwona nacho bibi yako kuna uwezekano mkubwa kimetoka kwenye mikono ile, kikaletwa kwa mtumbwi kwenye soko la Jumamosi la Lyulilo. Nimesimama pale nikaona mitumbwi ikifika: vyungu vimepangwa hadi juu, akina mama katikati, mtoto mgongoni. Jaketi la kuokolea sikuona hata moja.

Nilimuuliza mzee mmoja habari za mzimu. Akanitazama kama ninavyowatazama wageni wanaopotea Mwanjelwa. "Mwanangu," akasema, "sisi tulikatazwa kuingia majini mwera ukianza kuvuma. Nani alikwambia ni mchezo?"

Mwera ni upepo wa kusini. Unaweza kuliinua ziwa zima ukalirundika kaskazini, yaani kwetu. Mwaka 1946 meli mpya ya Vipya ilizama upande wa Malawi kwenye mawimbi kama hayo, wakafa watu zaidi ya 100. Ile ilikuwa meli ya chuma, si mtumbwi.

Kwa hiyo mila za mwambao si upuuzi. Monica Wilson, mtafiti aliyekaa Unyakyusa miaka ya 1930, aliandika habari za pango la Kyala karibu na ziwa, ambako wazee walipeleka sadaka. Wamisionari walilichukua jina hilo hilo, leo Mnyakyusa anamwita Mungu Kyala kanisani bila wasiwasi. Halafu kuna ule moshi unaopanda juu ya maji, ambao mgeni wa mjini akiuona anatafuta pa kukimbilia. Ni wingu la wadudu wadogo! Watu wa ziwani huwakusanya, huwaponda na kuwala. Ajabu kweli: anayeishi na ziwa anaona mboga, msomi wa mjini anaona jini.

Lakini mzimu una faida kubwa kwa vigogo. Mzimu hauitwi bungeni. Mzimu hauundiwi tume. MV Bukoba ilipozama Mei 1996 tulitaka kujua nani aliruhusu ijae vile. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018, wakafa watu 228, ilijulikana kuwa kivuko kile kilijengwa kwa abiria 101. Pale hesabu ilifanyika kwa sababu chombo kilikuwa cha serikali na maiti walikuwa wengi. Mtumbwi wa Ikombe ukimeza watano, nani atahesabu?

Najua watakaoninyooshea kidole: mbona tumewaletea meli? Ni kweli, MV Mbeya II ilianza kazi mwaka 2021, baada ya wananchi kuhangaika miaka mingi na MV Songea na MV Iringa mpaka zikachoka. Tunashukuru. Lakini meli haivui usipa usiku kwa taa, wala haimpeleki mama sokoni na vyungu vyake kila Jumamosi. Mtumbwi ndio barabara yao.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza upepo redioni. Taarifa hiyo ifike ufukweni kabla mvuvi hajasukuma mtumbwi, hata kwa bendera nyekundu juu ya mti. Jaketi la kuokolea liuzwe bei ambayo mfinyanzi anaimudu, au halmashauri inayokusanya ushuru wa samaki iyanunue. Ushuru ule hukusanywa bila kuogopa jini lolote.

Jumamosi hii mitumbwi itaingia tena Lyulilo. Mkaguzi wa vyombo afike saa kumi na mbili asubuhi, na viatu avivulie ufukweni.