Nipime, si Nijaribu

Mwambao una ada ya kukata shauri kwa kusikia jina. Ikitajwa Sumbawanga, barazani watu hutazamana na kucheka: uchawi. Wanaocheka hawajui kwamba kwa Kifipa jina lenyewe ni amri ya kuutupa uchawi huo. Mji uliojiita kwa kuukana ndio unaotwikwa.

Jirani wa Ufipa, huko Zambia, jina liliwaponza wengine vivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana kadhaa, mwimbaji wao akiwa Emmanuel Chanda aliyepewa lakabu ya Jagari, waliunda bendi ya roki ya magitaa makali wakaiita WITCH. Kwa Kiingereza ni "mchawi". Wenyewe walisema ni herufi za mwanzo za maneno yenye maana ya "tumekusudia kuzusha vurugu". Vurugu ndiyo iliyosikika. Albamu yao ya kwanza, Introduction, hutajwa zaidi kwa ukali wa magitaa. Humo mna wimbo usiozungumzwa sana, "Try Me". Maneno mawili, nayo ni haja nzima ya mpenzi aliyesimama mlangoni.

Hapo ndipo mabingwa wetu wa huba hubeza: roki haina ushairi, na nyanda za juu hazina lugha ya mapenzi. Basi na waifasiri hiyo anwani. "Nijaribu" inanuka mtihani, na shetani hayuko mbali. "Nionje" imetumika mno katika taarabu hata imebaki fumbo la chumbani. Neno lililo sawa liko gulioni Ufipa, mahali ulezi na mahindi hupimwa kwa debe mbele ya macho ya muuzaji na mnunuzi: "Nipime." Ndani yake mna haki, mna hofu ya kupungua, mna aibu ya kurudi nyumbani na gunia lako. Mwambao nao unalo neno hilo, ila umeliachia dukani.

Kisiwa kilichomcheka Siti binti Saad, muuza vyungu wa Fumba, kabla hajaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, kingekuwa cha mwisho kumwuliza mshairi atokako. Wahariri wa visiwani na wapokee mashairi ya Ufipa kwa Kiswahili cha huko, chenye Kifipa ndani yake, bila kwanza kuyasahihisha mpaka yanukie karafuu.