Mchezo Unaokumbuka



Siku ya Jumatano, tarehe 5 Januari 2022, katika Ukumbi wa Paulo VI mjini Vatikano, Baba Mtakatifu Fransisko alitoa katekesi juu ya Mtakatifu Yosefu, baba mlishi wa Yesu, akahimiza watu wawe tayari kuwapokea watoto wasio wa damu yao. Katika hadhira hiyohiyo wanasarakasi walionesha ustadi wao mbele ya Papa, wakisindikizwa na muziki wa kasi. Vijana wengi walioitazama video yake baadaye waliutambua muziki ule mara moja, wakacheka hadi machozi yakawatoka.

Muziki huo unaitwa Megalovania. Mtunzi wake ni Mmarekani Toby Fox, ambaye ndiye pia aliyebuni mchezo wa kompyuta uitwao Undertale, uliotoka Septemba 2015. Sababu ya kicheko nitaieleza mbele kidogo. Kwanza yanipasa kukiri kwamba mchezo huo nimeucheza mimi mwenyewe, paroko wenu, hadi mwisho, kwa jioni kadhaa, katika kompyuta kuukuu ya nyumba ya mapadre. Kijana mmoja wa kwaya ndiye aliyenishawishi. "Padre," aliniambia, "huu unaweza kuumaliza bila kuua hata mmoja." Nikataka kuona.

Wazazi huniuliza mara kwa mara, hasa baada ya Misa, kama gemu ni dhambi. Swali hilo kwangu ni sawa na kuuliza kama vitabu ni dhambi. Hakuna anayeweza kulijibu kabla ya kujua ni kitabu kipi. Basi leo nataka kuzungumzia michezo miwili tu, ile inayosimulia hadithi, na ambayo kwa makusudi imechorwa kama michezo ya zamani.

Sisi tuliokuwa watoto katika miaka ya themanini na tisini tunaikumbuka michezo ile: picha za vinukta vya mraba, rangi chache, muziki wa milio myembamba uliorudiarudia mpaka mama akaamuru televisheni izimwe. Wakati ule ufukara huo ulikuwa wa lazima, kwa kuwa mashine hazikuwa na uwezo zaidi. Leo mtu anayechora hivyo anachagua. Wengi, nathubutu kusema, huchagua kwa sababu ya biashara ya kumbukumbu: wanatuuzia utoto wetu kwa bei ya leo, na ndani hamna kitu. Vinukta havina utakatifu wowote. Lakini zipo kazi ambazo ufukara wa picha ndani yake huuachia moyo nafasi ya kufanya kazi. Uso uliochorwa kwa vinukta ishirini hauwezi kukulazimisha uone huzuni. Wewe ndiye unayeiweka huzuni pale, na kwa hiyo inakuwa yako.

Katika Undertale, mtoto wa kibinadamu anatumbukia chini ya mlima, katika nchi ya majitu yaliyofungiwa huko baada ya kushindwa vitani na wanadamu. Wa kwanza kukutana naye ni ua lenye uso wa tabasamu, Flowey, ambaye anamdanganya na kutaka kumwua. Wa pili ni Toriel, mama mwenye pembe kama za mbuzi, anayemwokoa mtoto, anamshika mkono, anamwokea mkate mtamu wa mdalasini na kumpa chumba cha kulala. Anataka kumlea. Mtoto akitaka kuondoka kwenda mbele, Toriel anasimama mlangoni na kumtaka aoneshe kama ana nguvu za kuishi huko nje.

Hapa ndipo nilipoanguka. Nilikuwa nimejifunza kwamba jitu likidhoofishwa kwa mapigo kadhaa hukubali kuachiliwa. Nikampiga Toriel kidogo kidogo, nikikusudia kumdhoofisha tu. Pigo moja la mwishoni likawa kubwa kuliko yote yaliyotangulia, akafa mikononi mwangu. Nilifadhaika kuliko nilivyotarajia kufadhaishwa na mchoro. Basi nikafanya anachofanya kila mchezaji: nikaufunga mchezo, nikarudi mahali nilipokuwa nimehifadhi, nikaanza upya pambano lile. Safari hii nilichagua huruma, nikaichagua tena na tena hata ilipoonekana kuwa haifanyi kazi, mpaka akashusha mikono na kunikumbatia. Nikatoka nje nikiwa na furaha ya mtu aliyesahihisha kosa bila mtu kujua.

Mlangoni Flowey alikuwa ananingoja. Aliniambia kwamba anajua nilichokifanya. Anajua kwamba nilimwua, kisha nikajuta na kurudi nyuma.

Nilinyanyua mikono kutoka kwenye kompyuta. Kwa maelfu ya saa ambazo watoto wetu wamecheza michezo mingine, wamefundishwa jambo moja bila kuambiwa: kwamba tendo hufutika. Unaua, hupendi matokeo, unarudia, na dunia haijui. Fox ameandika mchezo ambao unajua.

Hali kadhalika na herufi zake. Katika michezo ya aina hii, EXP ni alama za uzoefu ambazo mchezaji hujikusanyia kwa kuua, na kadiri azipatavyo ndivyo anavyozidi kuwa na nguvu. Karibu na mwisho wa Undertale, katika ukumbi mrefu wenye mwanga wa dhahabu, mhusika aitwaye Sans anamsimamisha mchezaji na kumhukumu kwa matendo yake. Hapo ndipo anapomfunulia kuwa EXP ni hesabu ya mauaji, na kwamba LOVE, neno ambalo kila ajuaye Kiingereza hulisoma kama upendo, lilikuwa kifupisho cha kiwango cha ukatili. Muda wote mchezaji alifurahia kuona upendo wake ukiongezeka!

Na Megalovania? Katika Undertale muziki ule husikika katika njia moja tu, yaani pale mchezaji alipochagua kuwaua wote, Toriel akiwa miongoni mwao, na Sans anajaribu kumzuia. Wanasarakasi wale, bila shaka pasipo kujua, walimchezea Papa wimbo wa mwuaji wa mama mlezi, siku aliyofundisha juu ya malezi. Ndiyo maana vijana walicheka.

Mchezo wa pili ni To the Moon wa Kan Gao, Mkanada, uliotoka mwaka 2011. Huu hauna mapambano ya maana, na mafumbo yake ya kupindua vipande yanachosha. Hadithi yake ndiyo iliyonikesha. Mzee Johnny yuko kufani, na tamaa yake ya mwisho ni kufika mwezini, lakini hajui kwa nini. Madaktari wawili wana mashine ya kuingia katika kumbukumbu zake na kuandika maisha mengine, ili afe akiamini kwamba alifika. Wanarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, na wanagundua kwamba utotoni alimwahidi msichana, River, kuwa wakipotezana watakutana mwezini. Pacha wake alipokufa kwa ajali, dawa alizopewa zilimfutia kumbukumbu hiyo. Alimwoa River pasipo kukumbuka ahadi. River alitengeneza sungura wa karatasi ili kumkumbusha, bila kumwambia neno, akafariki kabla yake. Ili mpango wao ufanikiwe, madaktari wanamwondoa River katika ujana wa mzee huyu, kisha wanamrudisha mbele kama rubani mwenzake. Chombo kinapaa, wameshikana mikono, na moyo wa Johnny unasimama.

Nililia, sioni haya kusema. Hata hivyo sikubaliani nao. Nimekaa kando ya vitanda vingi nikiwa na mafuta ya wagonjwa mkononi, na sijamsikia anayekufa akiomba apewe maisha ambayo hakuyaishi. Nimewasikia wakimtaja aliyekosana nao, wakiuliza kama amekuja. Kumwondoa River, hata kwa nusu saa, ni kumnyima Johnny mtu pekee ambaye alipaswa kuambiwa, "Nimekumbuka."

Ugomvi wangu na Fox ni wa upande mwingine. Mchezaji aliyewaua wote huachwa mbele ya giza na sauti ya upepo. Akingoja dakika kumi, anaweza kurudishiwa dunia iwapo atatoa roho yake. Baada ya hapo, hata akicheza kwa huruma kamili, mwisho wake mwema umetiwa doa daima. Ninaelewa shabaha yake, na katika kukataa kufuta yuko upande wa kweli. Lakini anadhani pasipofutwa, hapana kilichobaki ila doa. Anayetoka kitubio hatoki akiwa hakutenda. Alitenda, amelitamka kwa kinywa chake, na amepokewa hivyo alivyo. Kwa mwuaji wa namna ile, mlango huo Fox hakuuchora.

Mimi niliumaliza kwa njia ya amani. Nilipoufungua tena siku ya pili, Flowey alinisihi nisianze upya, niwaache wote waishi kwa furaha yao. Nimewaacha. Kijana wangu wa kwaya anasikitika, anasema sijausikia Megalovania mahali pake panapostahili. Nilimjibu kwamba nimekwisha kuusikia, mbele ya Baba Mtakatifu, na panatosha.

Nawatakieni Dominika njema.