Kabla ya injini mpya, tazama bomba la moshi

Leo nataka tuzungumzie bomba la moshi. Ndiyo, umesoma vizuri. Si la daladala, wala la pikipiki ya yule jirani aliyekata sailensa ili mtaa mzima ujue amerudi nyumbani. Nazungumzia la mashua ya matanga, zile zenye injini ya dizeli chini ya sakafu, kama unazoziona zimetia nanga Kilifi, Mtwapa au Msasani.

Utaniuliza, chombo chenye tanga kinataka bomba la moshi la nini? Karibu kila mashua ya matanga ya kusafiria siku hizi ina injini ya kuingilia bandarini, ya kupitia mlango wa mwamba, na ya siku upepo ukifa. Na kwa kuwa inaitwa msaidizi, basi inatunzwa kama msaidizi. Mwenye chombo akipata fedha ananunua tanga jipya, au GPS, au akijisikia tajiri anabadilisha injini nzima. Bomba linabaki lile lile la miaka yote. Mimi nasema, na najua wapo watakaonipinga, fedha ya kwanza iende kwenye bomba. Injini mpya ukiifunga kwenye bomba bovu umejinunulia chuma chakavu kwa bei ya dukani.

Kwanza tuelewane linavyofanya kazi, maana si kama la gari. Moshi ukitoka kwenye silinda una joto la nyuzi mamia kadhaa. Huwezi kupitisha kitu cha moto namna hiyo kando ya kitanda cha mtu, ndani ya chombo cha mbao au faiba. Kwa hiyo maji ya bahari ambayo yameshapoza injini hayamwagwi bure, yanaingizwa ndani ya moshi kwenye kona ya chuma ambayo mafundi huiita elbo. Moshi unapoa kiasi kwamba mpira unaweza kuubeba. Mchanganyiko huo unashuka hadi kwenye sailensa, yaani kijipipa kilicho chini kuliko elbo. Maji yakifika kiasi fulani, msukumo wa moshi unayatapisha kupitia mpira mwingine unaopanda juu kisha kushuka mpaka shetrini. Yale maji yanayotema nyuma ya mashua, pu, pu, pu, ndiyo hayo.

Ni mpango wa akili kweli kweli. Lakini hebu fikiri: umeyaleta maji ya chumvi kwa hiari yako mpaka karibu kabisa na valvu za injini yako. Kinachoyazuia yasirudi nyuma ni mwinuko wa mipira tu, pamoja na vifaa viwili vitatu ambavyo hakuna anayevikagua.

Injini nyingi za mashua hizi zimekaa chini ya usawa wa bahari. Ukizima, maji yanaweza kuendelea kujivuta yenyewe, kama mtu anavyonyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi. Yanajaza sailensa, yanapanda, yanaingia silindani. Asubuhi unapiga stata, injini imekaza. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo ukilazimisha, mkono wa pistoni unapinda. Dawa yake inajulikana: mpira wa maji upandishwe kama upinde, juu kabisa ya usawa wa bahari, na kileleni pafungwe valvu ndogo ya kuingiza hewa ili mvuto ukatike. Valvu hiyo huziba kwa chumvi. Kuna watu wamesafiri miaka 10 bila kujua kwamba wanayo.

Halafu kuna la injini inayogoma kuwaka. Nahodha anapiga stata, anapiga tena, anapiga tena. Kila mzunguko pampu inaleta maji, na moshi wa kuyasukuma nje haupo. Hapa dawa haina hata gharama: ikigoma, funga koki ya maji ya bahari wakati unaendelea kujaribu, na uifungue mara tu inapowaka. Mara tu, si baada ya kumaliza sigara.

Lililo geni kabisa kwa fundi wa magari ni kwamba mashua ya matanga inalala. Tundu la moshi ambalo bandarini liko juu ya maji, upepo ukishika linaweza kuzama. Wimbi la kutoka nyuma nalo linalipiga moja kwa moja. Ndiyo maana mpira unatakiwa upande juu sana kabla ya kuteremka kutoka nje. Fundi wa lori simlaumu. Lori halilali kwa sababu ya kusi.

Sasa twende kwenye elbo yenyewe. Injini ya msaidizi inafanyishwa kazi dakika 20, polepole, kisha inazimwa. Au inaunguruma saa nzima nangani, haisukumi chochote, ili ichaji betri tu. Dizeli haipendi maisha hayo. Masizi yanajenga ndani ya elbo, chumvi inaongeza, na njia inazidi kuwa nyembamba. Injini inatoa moshi mweusi, inapanda joto, haifikii mizunguko yake, na mtu anaambiwa "injini imekwisha". Niliwahi kuona elbo moja ikifunguliwa Mtwapa. Tundu la kupitisha vidole viwili lilikuwa limebaki la kupitisha penseli. Mwenye mashua alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya injini nyingine!

Mpaka hapo nimezungumzia kuua injini. Bomba bovu linaua watu pia. Mpira ukipasuka au klipu ikilegea, moshi unabaki ndani, kabini, walikolala watu. Dizeli hutoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko petroli, lakini haikosi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na inajishika kwenye damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na ushee. Ndiyo ile ile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, ambayo sote tumesoma habari zake. King'ora chake si kitu kikubwa, lakini hesabu mashua ngapi unazozijua zinacho.

Kwa hiyo ukiamua kulifumua bomba, lifumue sawasawa. Nunua mpira uliotengenezwa kwa ajili ya moshi wa vyombo vya majini, wenye kiwango cha SAE J2006, unaotakiwa kuvumilia dakika 2 bila maji injini ikiwa kasi. Si mpira wa maji wa dukani. Klipu mbili kila ncha. Usipunguze upana wa bomba hata kama mpira mwembamba ndio uliopatikana, injini itakosa pumzi. Na funga kipima joto chenye king'ora kwenye mpira jirani na elbo. Maji yakikatika, iwe panga za pampu zimevunjika au mfuko wa plastiki umeziba tundu, hapo ndipo joto linapoonekana mapema, kabla geji ya injini haijashtuka. (Mifuko ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Iliyotangulia baharini haikusikia tangazo.)

Wapo watakaosema wazee walikwenda Maskati na kurudi bila haya. Kweli kabisa, ila hawakuwa na injini. Na jahazi lililo wazi, lenye bomba kavu linalopanda moja kwa moja juu, sina ugomvi nalo. Halina maji ndani, na likifunikwa vizuri lisiunguze mbao wala tanga, lina hekima yake. Ugomvi wangu ni na kabini iliyofungwa na mpira wa miaka 15.

Na sisi waandishi tuna sehemu yetu. Chombo kikikwama tunaandika "hitilafu ya injini", nukta, habari imekwisha. Nani aliuliza maji yaliingilia wapi?

Kama una mashua, au shemeji yako anayo, wikiendi hii injini ikiwa imepoa fungua elbo uingize kidole.