Sunset ya Dunga kwa bob 13? Piga hesabu kabla hujapakia picha zako

Wasee wa kamera wamejaa Kisumu siku hizi. Pita Dunga ama Hippo Point jioni, hukosi msee amesimama kwa maji akingoja jua lizame. Swali ni, hizo picha zikishamaliza kupata likes, zinaeza leta doh?

Hapo ndo makampuni ya picha za stoki huingia. Unapakia kazi yako, mteja popote duniani analipia kuitumia, wewe unapata mgao. Kwa maskio ni tamu. Sasa tucheki hesabu.

Tuanze na Shutterstock. Tangu Juni 2020, mgao wa picha unaanzia asilimia 15 na kupanda hadi 40, kulingana na ngapi zimeuzwa mwaka huo. Noma ni kwamba kila Januari 1 unarudishwa chini kabisa, hata kama Desemba ulikuwa juu. Mteja wa kifurushi cha mwezi akichukua picha yako, unaeza pata senti 10 za dola. Dola ikiwa bob 129 hivi, hizo ni bob 13. Hata tuk-tuk ya Kondele hupandi nazo.

Adobe Stock wako fair kidogo: asilimia 33 kwa picha, bila kurudishwa nyuma. Lakini hutoi doh hadi ufikishe dola 25. Picha zikienda kwa senti 33 kila moja, unahitaji kuuza 76 ndo uone kama 3,200 bob. Mwenye amepakia sunset 20 atangoja sana, ju sunset ziko mamilioni huko ndani na mteja hajali ni ya ziwa gani.

Halafu kuna ushuru. Makampuni ya Marekani yatakuambia ujaze fomu W-8BEN. Kenya haina mkataba wa ushuru na Marekani, kwa hivyo mauzo ya wateja wa huko yanakatwa asilimia 30 kabla hujaona kitu. Ukitoa doh kwa PayPal kuleta M-Pesa, kuna makato mengine njiani.

Na hii soko inazidi kubana. Januari 2025, Getty na Shutterstock walitangaza mpango wa kuungana, dili ya karibu dola bilioni 3.7. Wanunuzi wa kazi yako wakipungua, si wewe utapanga bei. Shutterstock pia wameuzia makampuni ya AI picha za kufunzia mashine. Wapiga picha hulipwa kitu kidogo kwa hiyo, na kuna mahali kwa akaunti pa kukataa. Kapekue kabla ya kupakia.

So ni kupoteza time? Hapana, inategemea unapeleka nini. Kenye kinaeza kutoka ni kile mteja wa London ama Nairobi hawezi pata kwa msee mwingine: omena ikianikwa kwa nyavu, fundi akipiga mbao za boti, magugumaji yakifunga njia, mitaa ya kando ya ziwa maji yalipopanda 2020. Andika caption yenye mahali, tarehe na jina la kitu. "African fisherman" iko kila mahali. "Dunga, Kisumu, wavuvi wakitoa ngege asubuhi" iko wapi?

Lakini sura ya mtu si yako. Picha ya matangazo inataka fomu ya ruhusa yenye sahihi ya huyo mama wa omena. Bila hiyo, inauzwa kama picha ya habari pekee. Usidhani ni mchezo: Septemba 2023, ofisi ya kulinda data ilipiga Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya 1.85 milioni kwa kuposti mteja bila ruhusa yake. Na mama akikubali, mwambie ukweli kwamba sura yake inaeza tokea kwa bango ng'ambo, na mkubaliane yeye anapata nini.

Kitu ya mwisho ndo wengi husahau. Picha ikishaingia stoki, hoteli ya hapo Milimani inaeza ichukua kwa bei ya soda badala ya kukupigia simu. Hapo unashindana na wewe mwenyewe. Hoteli, NGO na kaunti wote wanahitaji picha za ziwa, na kazi moja ya moja kwa moja inaeza shinda downloads za mwaka mzima.

Rada ni hii: stoki ichukue zile za ziada, zenye zingelala kwa hard disk. Usitie sahihi ya kuuzia kampuni moja pekee kama hujasoma masharti yote. Zile kali kabisa, weka kwa portfolio yako na utaje bei mwenyewe.