Kabla hujanunua sensa mpya, mwambie fundi apime waya

Kama umewahi kuacha gari Mokowe ukavuka kwa boti hadi Amu, unajua mchezo unaoweza kukungoja ukirudi. Unapiga stati, dashibodi inawaka kama nyumba ya harusi: taa ya breki ya dharura, taa ya mistari ya barabara, na maandishi ya kukuambia mfumo umezimika. Gari linatembea vizuri tu, lakini taa hazitoki. Unampigia fundi. Anachomeka skana, anasoma U0235, anatikisa kichwa: “Bosi, rada imekufa. Tuagize nyingine Mombasa.”

Hapo ndipo nataka ushike mfuko wako kwanza.

Mimi si injinia. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, na mengi ninayoyajua kuhusu nyaya za gari nimeyaokota gereji mchana na kwenye simu usiku. Lakini kusoma sentensi moja sawasawa hakuhitaji digrii. U0235 haisemi rada imekufa. Inasema kuna moduli nyingine garini ambayo haiisikii rada. Hebu fikiria, rafiki yako asipopokea simu unaanza kuchangisha pesa za matanga? Labda chaji imemwishia. Labda hana mtandao, na mtandao wa huku tunaujua.

Utaniuliza, haya yanatuhusu nini watu wa punda na mashua? Kaunti ya Lamu si Mji wa Kale peke yake, bana. Kuna Mokowe, Hindi, Mpeketoni, Witu, na barabara ya Garsen siku hizi ina lami. Magari yenyewe nayo yamebadilika. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, na Toyota ilianza kuweka mfumo wake wa Safety Sense mwaka 2015. Piga hesabu. Fielder ya kawaida kabisa inaweza kuja na kamera nyuma ya kioo cha mbele, na Harrier ikaja na rada imejificha nyuma ya nembo pale kwenye grili. Mafundi wetu wakongwe, ambao nawaheshimu sana, walilelewa na Land Rover za kabureta.

Sasa, moduli hizi zinaongea kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Mfumo unaitwa CAN, na kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutoa mwaka 1986. Uchukulie kama grupu ya WhatsApp. Injini yumo, breki yumo, usukani, kamera, rada, wote wamo. Hakuna anayeitwa kwa jina. Kila mmoja anatupa ujumbe wenye namba yake, na anayeuhitaji anauchukua. Rada ikinyamaza, wenzake wanaandika lawama: huyu hatumsikii. Lawama hiyo ndiyo msimbo unaoanza na herufi U.

Kwa hivyo usiulize tu “msimbo gani?” Uliza nani anamlalamikia nani. Kama ni rada peke yake inayolalamikiwa na wengine wote wanasikilizana, tatizo liko upande wake: umeme wake, eathi yake, soketi yake, kipande cha waya kinachokwenda kwake, au sawa, rada yenyewe. Kama kila mmoja anamlalamikia kila mmoja, laini kuu ndiyo mgonjwa. Hapo hata ukinunua rada kumi, utakuwa na rada kumi zisizosikika.

Kipimo ni cha dakika chache, kwa multimita ya kawaida tu. Kila mwisho wa laini kuu kuna rezista ya omu 120, na mbili hizo zikiwa sambamba unasoma omu 60. Toa waya wa betri, subiri moduli zilale, kisha pima kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye ile soketi ya skana chini ya usukani. Ukipata karibu na 60, ni dalili nzuri. Ukipata 120, waya umekatika mahali au rezista moja haionekani. Ukikaribia sifuri, nyaya zimegusana. Magari mengi mapya yana moduli ya lango katikati, kwa hivyo soketi ile huonyesha kipande kimoja tu cha laini. Fundi hana budi kuinama hadi kwenye soketi ya rada yenyewe, na akifika huko aanze na mambo ya kishamba: fyuzi nzima? Volti 12 zinafika? Eathi ipo?

Huku kwetu ningeanza na soketi kabla ya kitu kingine. Rada inakaa mbele, chini, karibu na bampa, mahali pa kwanza kukutana na maji. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalipoikata barabara upande wa Garsen, gari lolote lililolazimisha kupita liliyanywesha maji hayo matundu. Ongeza hewa ya chumvi ya hapo jeti. Shaba inaota ule ukungu wa kijani, mguso unakuwa wa kubahatisha, asubuhi rada inasikika na mchana kimya. Ndiyo maana fundi anafuta msimbo, unalipa, na ukipiga tuta la kwanza umerudi.

Na betri! Gari likikaa Mokowe wiki mbili tatu, betri inashuka. Ukipiga stati volti zinaanguka, moduli moja inazimika kidogo, nyingine zinaandika lawama. Chaji betri, futa msimbo, endesha siku mbili uone kama utarudi. Usiporudi, umeokoa hela.

Kinachoniudhi ni hiki: fundi hapati kitu kwa kufikiri. Wateja wengi wakiambiwa “saa moja ya kupima” wanang'aka, ati mbona nilipie kuangalia tu? Lakini wakiambiwa “kifaa kipya” wanatoa pesa bila kuuliza. Basi na fundi naye anauza kifaa, maana hapo ndipo penye chakula chake. Mimi nasema mlipe kwa ile saa moja. Mlipe hata akigundua ni soketi tu. Na nyinyi vijana wenzangu mnaoshinda jeti mkingoja mizigo, multimita haidai cheti. Anayejua kupima laini ya CAN Mokowe hatakosa mteja, kwa sababu mbadala wake ni kubeba gari hadi Mombasa.

Kuna fundi atakayekupa njia ya mkato ya kuziba taa kwa teipu. Breki za kawaida zitafanya kazi, ni kweli, lakini ile laini kuu inabeba pia habari za ABS na usukani, na hutajua ikianza kukatika huko.

Jambo moja kuhusu punda. Mfumo wa Safety Sense C, ule wa mwanzo wa magari madogo, uliundwa kuona magari mengine. Hata mtu anayetembea haukumhesabu. Kwa hivyo taa zikizimika na rada ikianza tena kusikika, ukifika Hindi jioni punda wakivuka barabara, mguu wako wa kulia ndio sensa.